Baba Mdogo Si Anko

Yapo maneno machache ambayo mwanadamu huyapata kabla ya kuota meno, na "baba" ni mojawapo. Halina ugumu wowote. Midomo hukutana na kuachana, hukutana tena na kuachana, na neno limekwisha. Kwa wepesi huo limefika mahali ambapo hakuna dola wala bidhaa moja iliyopata kufika. Mturuki humwita mzazi wake wa kiume baba. Mchina naye humwita baba. Ndivyo wasemavyo Waajemi na Wabengali, na ndivyo wasemavyo Wayoruba wa Nigeria, Washona wa Zimbabwe, Wazulu wa Afrika Kusini, Wagikuyu wa Kenya na Wasukuma wa kwetu. Mwarabu ana neno lake rasmi, "ab", lakini mtoto wake nyumbani aghalabu husema baba.

Msomaji akiishia hapo aweza kudhani kuwa dunia nzima imekubaliana. Haikukubaliana. Kwa Wabulgaria na Waserbia, baba ni bibi, yaani mama wa mzazi. Kwa Warusi na Wapolandi, baba ni mwanamke, hasa mwanamke wa shamba, na mara nyingi neno hilo husemwa kwa dharau. Kwa Wajapani, baba ni mwanamke mkongwe. Silabi ni zile zile mbili, ila mwenye ndevu amegeuka ajuza.

Neno "mama" nalo lina mambo yake. Katika nchi ya Jojia, iliyo kusini ya milima ya Kaukasi, alikozaliwa Stalin, "mama" ndilo jina la baba, na mama huitwa "deda". Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Kaukasi. Katika mitaa ya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa wamo raia wenzetu ambao lugha ya nyumbani kwao ni Kigujarati. Mtoto wao akisema "mama" amemtaja ndugu wa kiume wa mama yake, ambaye sisi humwita mjomba. Akisema "kaka" amemtaja ndugu wa baba yake. Akisema "dada" amemtaja babu, mzaa baba. Mtoto Mswahili anayecheza naye kwenye baraza hiyo hiyo, akiyasema maneno hayo hayo matatu, amemtaja mzazi wake wa kike, ndugu yake mkubwa wa kiume na ndugu yake mkubwa wa kike. Maneno ni matatu, jamaa ni sita, na hapana hata mmoja anayelingana na mwenzake.

Wataalamu wamekwisha kulichunguza jambo hili. Mwaka 1959 Mmarekani George Peter Murdock alitoa matokeo ya kukusanya majina ya baba na mama kutoka lugha za kila upande wa dunia, zaidi ya majina elfu moja, na ikadhihirika kuwa sauti chache zile zile hurudi tena na tena. Mwaka uliofuata mwanaisimu Roman Jakobson, mzaliwa wa Moscow, alichapisha makala ya kueleza sababu yake. Mtoto mchanga hutamka kwanza sauti za midomo pamoja na irabu "a", kwa kuwa hazimtaabishi. Anaponyonya, mdomo wake umezibwa, sauti hupita puani, na kinachosikika ni "m". Hajamwita mtu yeyote. Ni wazazi wanaomwinamia kitandani, kila mmoja akajidai kuwa ndiye aliyeitwa. Kwa hiyo sauti hutolewa na mtoto, lakini maana hutolewa na wakubwa, na kila kundi la wakubwa hutoa maana kwa kadiri lilivyoipanga nyumba yake.

Nimeyataja haya yote kwa sababu wako watu wa namna mbili ninaotaka kubishana nao. Wote wawili wana kosa moja: hulisikia neno wakadhani sauti ndiyo neno lenyewe.

Wa kwanza ni wale ambao, kila wakilisikia neno la Kiswahili likifanana na neno la ng'ambo, huona fahari kutangaza kuwa tumelikopa. Kwao "baba" ni la Waajemi, au la Waturuki, au la Wahindi, kutegemea ni kitabu gani mtu alichokisoma mwisho. Hawajiulizi swali jepesi: kabla jahazi la kwanza la mgeni halijatia nanga Kilwa, mtoto wa pwani hii alimwitaje aliyemzaa? Wala hawajiulizi ni jahazi gani lililompelekea Mzulu neno hilo, wala ni msafara gani uliompelekea Myoruba. Chini ya madai yao imelala dhana ya kikoloni kwamba Mwafrika hakuwa na kitu mpaka aletewe, hata jina la baba yake.

Udugu wa lugha hauthibitishwi kwa neno moja lililofanana na jingine. Huthibitishwa kwa mfululizo wa maneno mengi yanayofuata kanuni za sauti zisizobadilika ovyo. Sisi husema "tatu", Mganda husema "satu", Mzulu husema "thathu", na tofauti hizo hazikuja kwa bahati. Huonekana tena katika maneno mengine chungu nzima. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Malcolm Guthrie katika juzuu nne za Comparative Bantu, zilizotoka kati ya mwaka 1967 na 1971. Katika kazi ya namna hiyo, maneno ya watoto wachanga hushikwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa kila kitanda cha mtoto duniani chaweza kuyazaa upya. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kuwa "baba" ni neno la Kituruki kwa kuwa Waturuki wanalo, na awaambie pia kuwa Wajojia walikuja kwetu kukopa "mama" wakakosea njiani wakampa mwanamume.

Sisemi kuwa Kiswahili hakikukopa. Kilikopa sana, na hapana haya katika jambo hilo. Kitabu tulikipata kwa Waarabu, meza kwa Wareno, gari kwa Wahindi, shule kwa Wajerumani. Lakini hata neno la mkopo, likikaa kwetu, hupewa kazi mpya. "Jamaa" lilitoka katika Kiarabu, na huko ni kundi la watu waliokusanyika. Waswahili walilifanya kuwa watu wa damu moja na nyumba moja. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere akalichukua neno "ujamaa" akalijengea juu yake siasa ya taifa, na tangu siku hiyo hapana Mwarabu anayeweza kulifahamu kwa kutazama kamusi ya kwao peke yake. Neno ni mali ya watu wanaolipa kazi.

Tuulize basi: sisi tumelipa neno "baba" kazi gani? Hapo ndipo ninapowageukia watu wa namna ya pili, ambao hatari yao ni kubwa zaidi, maana wa kwanza hutunyang'anya asili ya neno tu, na hawa hutunyang'anya neno lenyewe.

Kwetu sisi baba si mtu mmoja. Ni cheo chenye watu kadhaa. Yupo aliyenizaa. Yupo kaka yake, ambaye ni baba mkubwa. Yupo mdogo wake, ambaye ni baba mdogo. Katika makabila mengi ya bara watoto wao ni ndugu zangu hasa, wala sithubutu kuwaposa. Ndugu wa kiume wa mama ni mtu mwingine kabisa. Yeye ni mjomba, naye ana utani wake na ukali wake. Kwa Wamakonde, Wayao na Waluguru, waliozoea kufuata ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya wapwa zake, hata kumshinda aliyewazaa. Kwa Wasukuma na Wachaga, wanaofuata ukoo wa baba, mambo ni kinyume. Lakini kokote uendako katika nchi hii, swali la kwanza ni lile lile: huyu ni wa upande gani? Watu wa mwambao waliochukua "ami" au "amu" kutoka Kiarabu walichukua neno la kumtaja ndugu wa baba, na wakambakiza mjomba mahali pake. Walikopa, lakini hawakuvunja kitu.

Majirani zetu nao wana mpango wao. Mrundi na Mnyarwanda humwita baba yake mwenyewe "data", baba wa unayesema naye ni "so", na baba wa mtu mwingine ni "se", kana kwamba hapana baba asiye wa mtu. Mzulu humwita shangazi "babekazi", yaani baba wa kike, na mjomba humwita "malume", yaani mama wa kiume. Na mama wa Kiswahili humbembeleza mwanawe mchanga kwa kumwita "baba", kwa kuwa mtoto amelibeba jina la babu yake na mzee amerudi nyumbani. Hayo yote yamo ndani ya silabi mbili.

Sasa limeingia neno "anko", pamoja na dada yake "anti". Limeingia kwanza katika nyumba za wenye nafasi, likashuka shuleni, na leo limo hata vijijini. Baba mkubwa ni anko. Baba mdogo ni anko. Mjomba ni anko. Mume wa shangazi ni anko. Rafiki wa baba, mwenye duka, utingo wa basi na mgeni aliyebisha hodi kwa mara ya kwanza, wote ni anko. Mzazi akiulizwa sababu hujibu kuwa ni maendeleo, au kuwa maana ni ile ile.

Maana si ile ile, na wala si maendeleo. Na tulitazame neno lenyewe. "Uncle" la Waingereza limetoka katika Kifaransa, nacho kililipata katika Kilatini "avunculus", ambalo maana yake ni ndugu wa mama. Ndugu wa baba alikuwa "patruus". "Aunt" nalo limetoka katika "amita", yaani dada wa baba. Kwa hiyo, tukirudi kwenye mizizi, anko ni mjomba na anti ni shangazi, na mtoto anayemwita baba mdogo "anko" amemhamisha mzee wa watu akampeleka ukweni. Waingereza wenyewe hapo kale walikuwa na maneno yao. Ndugu wa baba alikuwa "fædera" na ndugu wa mama alikuwa "eam". Wanormani walipoishinda nchi yao mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana. Baada ya karne mbili hivi neno la mabwana likaanza kushika mahali pa yale mawili ya wenyeji, nayo yakapotea. Neno tunalolipokea kwa kiburi kama alama ya ustaarabu ni kovu la taifa lililotawaliwa. Waingereza walilipata kwa kushindwa vitani. Sisi tunalichukua kwa hiari, miaka zaidi ya sitini baada ya kujitawala.

Wala mtu asituambie kuwa mambo ya viwanda na sayansi hayawezi kwenda pamoja na mgawanyo wa jamaa. Wachina, waliojenga nasi reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, wana neno moja la kaka wa baba, neno jingine la mdogo wa baba, na la tatu la ndugu wa mama, sawasawa na baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Hawakuyaacha walipojenga viwanda. Waswidi, ambao hapana anayewahesabu kuwa washamba, husema "farbror" kwa ndugu wa baba na "morbror" kwa ndugu wa mama. Kutopambanua ni desturi ya baadhi ya mataifa tu, na si ngazi ambayo kila taifa sharti liipande.

Madhara ya kutopambanua nimeyaona katika utumishi wa umma. Katika ofisi moja mtumishi aliomba ruhusa ya siku chache akamzike baba yake. Jalada likafunguliwa, ikaonekana kuwa alikwisha kupewa ruhusa ya kumzika baba yake miaka minne kabla. Pembeni ya ombi lake likaandikwa neno "mwongo". Mtumishi yule hakuwa mwongo. Mara ya kwanza alimzika aliyemzaa, na mara ya pili alimzika baba mkubwa aliyemlea na kumsomesha tangu darasa la tatu. Fomu ilikuwa na nafasi ya baba mmoja, kwa kuwa ilitafsiriwa kutoka fomu ya watu wenye baba mmoja. Aliyeandika neno lile hakuwa mgeni. Alikuwa Mtanzania mwenye baba wakubwa na baba wadogo kama sisi sote, ila alipokalia kiti cha ofisi aliisoma lugha yake kwa macho ya fomu.

Shuleni madhara ni makubwa zaidi, kwa kuwa huko kosa hufundishwa. Wanafunzi wengi hukaririshwa kuwa "uncle" ni mjomba, na jambo likaishia hapo. Chukua tamthilia ya Hamlet. Claudius, aliyemwua mfalme, ni "uncle" wa Hamlet. Mwanafunzi huyo atatuandikia kuwa mjomba wa Hamlet alimwua mfalme akamwoa mjane wake. Haoni alichokiandika! Mjomba ni ndugu wa mama, na ikiwa hivyo mtu huyo amemwoa dada yake mwenyewe, na tena hana haki yoyote ya kukalia kiti cha ufalme wa shemeji yake. Tamthilia nzima imeanguka kwa neno moja. Claudius ni ndugu wa baba, na ndiyo maana kiti kilikuwa karibu naye. Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969, alituonyesha kuwa Kiswahili chaweza kuubeba mzigo huo, lakini kwa sharti kwamba mtafsiri aulize maswali ambayo Kiingereza hakikuuliza.

Wazee wa Kitivi wa Nigeria waliyauliza. Mwanaanthropolojia Laura Bohannan, katika makala aliyoitoa mwaka 1966, alieleza jinsi alivyowasimulia kisa hicho. Wazee hawakushangaa kuwa mdogo wa marehemu amemwoa mjane. Kwao hilo lilikuwa jambo la haki. Kisha mmoja wao akauliza: je, baba wa Hamlet na ndugu yake walikuwa wa mama mmoja? Bohannan akababaika, kwa kuwa hadithi haikusema. Sitetei hapa mila ya kuwarithi wajane, ambayo imewaumiza wanawake wengi. Nasema tu kwamba wazee wale, wasiojua Kiingereza, waliliona pengo katika neno la Kiingereza ambalo msomi aliyelizaliwa nalo hakuwa ameliona. Mwanafunzi wetu, mwenye lugha yenye uwezo huo huo, anafundishwa kufumba macho.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza watasema kuwa lugha hukua na haizuiliki. Ni kweli kuwa lugha hukua. Lakini kukua ni kuongezeka. Tulipopokea meza na gari tulipata majina ya vitu ambavyo hatukuwa na majina yake. Anko haleti mtu mpya katika ukoo. Anakuta watu watatu au wanne wenye majina yao, anawafuta, anaketi peke yake. Sisi washairi huhesabu mizani, na twajua kuwa shairi halirefuki kwa kung'olewa silabi.

Wa pili watasema kuwa anko ni neno la heshima tu kwa mtu mzima. Je, tumekosa maneno ya heshima? Tunaye mzee, tunaye ndugu, tunaye bwana, na vijana wa mjini wana mjomba wa utani kwa muuza duka. Heshima isiyojua inamheshimu nani huishia kuwa kelele ya mdomo. Na tuseme wazi jambo ambalo wazazi hulijua lakini hawalisemi. Katika nyumba nyingi za mijini, anko ni jina analopewa mwanamume ambaye hapana anayetaka kueleza ameingiaje humo ndani. Mtoto aliyefundishwa majina ya jamaa zake humtambua aliye ndugu na asiye ndugu, na huuliza. Mtoto aliyefundishwa kuwa kila mwanamume ni anko ameondolewa swali hilo, na pamoja nalo ameondolewa kinga.

Jibu la tatu ni zito, nami sitaki kulikwepa. Watasema: hao baba wadogo unaowatetea ndio wanaowafukuza wajane na kugawana mashamba, mabati na vyombo kabla kaburi halijakauka. Ni kweli, yapo hayo, na aliyefiwa ndiye ajuaye uchungu wake. Lakini tuulize ni kwa kipimo gani tunamhukumu mtu wa namna hiyo. Tunamhukumu kwa jina lake. Watu husema: "Huyu ni baba yao, na amewatenda hivi!" Jina ndilo linalomshitaki mbele ya ukoo na mbele ya baraza la kata. Mwondoe jina umwite anko, na mashitaka yamekwisha, kwa kuwa anko hana deni kwa mtu. Mwizi wa mirathi ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kulifurahia neno hilo.

Na wapo waliolitimiza jina. UKIMWI ulipogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983, ulionekana mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata vijiji vya mkoa huo vilizika wazazi vijana kwa wingi. Waliobaki na watoto walikuwa mabibi, mashangazi, wajomba, baba wakubwa na baba wadogo, wengine wakiwa na watoto wao sita au saba ndani ya nyumba moja ya udongo. Hapakuwa na sheria iliyowasukuma wala mshahara uliowavuta. Mtu aliitwa baba na mtoto wa marehemu kaka yake, na alipoitwa hivyo hakuwa na njia ya kugeuka nyuma. Atakayeniambia kuwa neno ni sauti tu, na awaulize walioinuliwa na neno hilo wakasoma wakawa watu wazima.

Basi nini cha kufanya? Kwa walimu wa Kiswahili nasema: msimpe mwanafunzi sentensi ya kutafsiri yenye neno "uncle" bila kumwambia ni wa upande gani, na kama kitabu hakisemi, mfundisheni kuuliza. Mpeni kila mwanafunzi kazi ya kuchora ukoo wake mpaka kizazi cha babu, na kando ya kila mtu aandike jina la Kiswahili pamoja na jina la lugha ya nyumbani kwao. Mhaya ataandika "tata" mahali pa baba na Mnyakyusa ataandika "tata" vile vile, na darasa litaona mara moja ni wapi makabila yetu yanapokutana na ni wapi yanapoachana. Somo hilo halihitaji fedha wala maabara. Kwa watungaji wa kamusi nasema: msitosheke kuandika kuwa "baba" ni mzazi wa kiume mkaenda zenu, kama kwamba mnatafsiri kamusi ya watu wengine. Kwa maofisa wenzangu nasema: katika fomu zetu tuache nafasi ya kuandika uhusiano kwa maneno ya mwenye fomu, wala tusimwite mwongo mtu aliyezika baba wawili. Kwa waandishi wa habari nasema: mkisoma kuwa mfalme fulani amefiwa na "uncle" wake, tafuteni kwanza kama ni ami au ni mjomba, kisha ndipo mwandike.

Na kwa mwanafunzi nasema hivi. Usione haya kwa kuwa na baba watatu, ilhali wenzako wa nchi nyingine wana mmoja. Siku baba yako mdogo atakapokuja kukutazama shuleni, amevaa koti lake la Jumapili na mkononi ana kifurushi cha karanga, rafiki zako watakuuliza ni nani. Usiseme ni anko. Sema: "Huyu ni baba yangu." Kisha, wakikwambia kuwa baba yako wanamjua na si huyu, waeleze. Usiache mbachao kwa msala upitao.